Baba Alipomwita Mwanawe "Mheshimiwa"

Jumapili moja ya hivi karibuni nilikuwa nimekaa barazani nikisikiliza redio, kama ilivyo desturi ya watu wengi wa nchi hii siku ambayo hawamtumikii mwajiri, pale kituo kimoja kilipoanza kipindi chake cha kuwahoji viongozi juu ya maisha yao ya nyumbani. Mgeni wa siku hiyo alikuwa mbunge kijana wa jimbo moja la vijijini katika mikoa ya kati, na safari hii mtangazaji alikuwa amefanya jambo la busara: alimfuata mbunge huyo hadi kwao, akamweka baba yake mzazi mbele ya kipaza sauti cha pili. Sitamtaja mbunge huyo, wala baba yake, wala kituo chenyewe. Siandiki juu ya mtu bali juu ya jambo, na jambo lenyewe linawahusu wabunge wengi.

Kilichoyavuta masikio yangu kwanza ni neno. Mtangazaji alimwamkia mzee shikamoo, mzee akaitika marahaba, kisha akaulizwa kama anamfahamu huyu aliyeketi kando yake. Akajibu kwamba anamfahamu sana, huyu ni Mheshimiwa. Mtangazaji akacheka akidhani mzee anatania. Lakini muda wote wa mahojiano, ambayo yalichukua karibu saa nzima, mzee yule hakumtaja mwanawe kwa jina alilompa yeye mwenyewe. Mheshimiwa alipougua surua. Mheshimiwa alipokuwa darasa la tatu. Mheshimiwa alipokataa kunyolewa. Mbunge, na ninamsifu kwa hilo, alijaribu mara mbili kumwomba baba yake amwite jina lake la utotoni. Mzee aliendelea kana kwamba hakusikia.

Yakafuata maswali ambayo kila msikilizaji wa vipindi vya aina hii anayajua kwa moyo. Mbunge anapenda chakula gani? Ugali wa mtama na mlenda. Alikutana wapi na mama watoto? Chuo Kikuu. Ni kosa gani la utotoni ambalo hatalisahau? Hapo mzee akasimulia, kwa ufundi mkubwa, kisa cha mbuzi waliopotea porini kwa sababu mchungaji wao alikuwa juu ya mti akisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari, na jinsi nusu ya kijiji ilivyotoka na mienge usiku kuwatafuta. Kilikuwa kisa kizuri. Nilicheka peke yangu pale barazani.

Ndipo mtangazaji akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujaza dakika zilizobaki, kama maisha ya mzee yamebadilika tangu mwanawe aingie Bungeni.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema yamebadilika, kwani siku hizi haupati usingizi wa alfajiri. Kabla jua halijachomoza huwa kuna watu chini ya mkwaju ulio mbele ya nyumba yake. Mmoja ana cheti cha dawa ambazo amezikosa zahanati. Mwingine ana fomu ya mtoto aliyechaguliwa kwenda sekondari, yenye orodha ya godoro, ndoo, jembe na sare. Mwingine amefiwa, anatafuta mbao za jeneza na gari la kuleta maiti kutoka hospitali ya wilaya. Wote husema neno moja, kwamba Mheshimiwa aliahidi. Na kwa kuwa Mheshimiwa yuko Dodoma, au simu yake haipatikani, wamekuja kwa baba yake. Mzee akasema yeye hawezi kumfukuza mtu aliyefiwa. Akataja, bila hasira yoyote, idadi ya mbuzi aliowauza kwa mwaka mmoja, na maksai mmoja wa kulimia aliyewafuata mbuzi hao mnadani. Msimu uliopita alilima kwa maksai wa jirani.

Pakawa kimya. Mbunge alisema jambo kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, nami lugha hiyo siijui. Baba akajibu kwa maneno mawili matatu. Halafu mtangazaji akacheka, akasema kweli wazee wetu wana vituko, akatuwekea wimbo.

Ndugu msomaji, mimi naona kwamba habari ya siku ile ilikuwa ni hiyo, na mengine yote yalikuwa kitoweo. Kwa dakika tatu, mkulima mmoja aliieleza nchi nzima jinsi uwakilishi wetu unavyofanya kazi kule chini, mahali ambapo hakuna kamera wala karani wa kumbukumbu rasmi za Bunge. Na aliyepewa kazi ya kumsikiliza kwa niaba yetu akayageuza maneno yake kuwa kichekesho.

Tumezoea kudhani kwamba hatari ya cheo ni mali kutiririka kutoka ofisini kwenda nyumbani. Dhana hiyo ina asili yake, tena asili njema. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa shughuli ya kibepari, kupokea mishahara miwili na kuwa na nyumba ya kupangisha. Na ili asitokee mjanja wa kuandikisha nyumba kwa jina la mkewe, Azimio likafafanua kwamba kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ikaja na utaratibu wa kutamka mali, ambamo kiongozi hutaja mali zake, za mwenzi wake na za watoto wake wadogo. Katika yote hayo baba mzazi hakutazamwa. Wala sioni ajabu, kwani nani angefikiri kwamba ipo siku mali itatiririka kinyume, kutoka zizi la mkulima kwenda kulipia cheo cha mwanawe? Fomu ya kutamka mali haina mstari wa maksai wa baba aliyeuzwa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya jamaa moja, na kwamba mzee aliyejaliwa mtoto mbunge hana budi kubeba mzigo wa heshima hiyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Watu wale wa chini ya mkwaju hawakuja kwa sababu mzee ni mwema. Walikuja kwa sababu waliahidiwa. Ahadi hizo hazikutoka mbinguni. Sisi tulio ndani ya Chama tunajua kwamba nyingi hazizaliwi katika kampeni za uchaguzi mkuu, bali huzaliwa mapema zaidi, katika kura za maoni, pale wagombea kumi wenye kadi ya rangi moja na ilani ya aina moja wanapotafuta njia ya kutofautiana. Mwenye hoja hutofautiana kwa hoja. Asiye nayo hutofautiana kwa bati, kwa sukari ya msibani, kwa ada ya mtoto wa balozi wa nyumba kumi. Kijana yule wa redioni huenda alikuwa na hoja nzuri kabisa, lakini alikuta mnada umekwisha kufunguliwa, naye akapanda dau.

Nchi hii imewahi kujaribu kuupa mchezo huo jina la heshima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa kawaida wa kimila kutoka kwa mgombea kwenda kwa wapiga kura. Neno zuri, la kiungwana, lenye harufu ya kahawa na tende. Mahakama Kuu ililifuta mwaka 2006, ikiona kwamba ukarimu wa namna hiyo unakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa hiyo kwenye karatasi jambo limekwisha. Lakini mahakama hufuta kifungu cha sheria. Haiwezi kufuta deni lililomo kichwani mwa mama aliyeambiwa na mgombea kwamba mtoto wake atasomeshwa. Deni hilo lilibaki, likatafuta mlipaji, likamkuta mzee mmoja ambaye hakugombea cheo chochote.

Zaidi ya hayo, tazama ni nini hasa walichokuwa wanakitafuta watu wale. Dawa, sare za shule, gari la kubebea maiti. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni kazi ya mfuko wa mbunge, sembuse zizi la baba yake. Ibara ya 63 ya Katiba inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Dawa zikikosekana zahanati, kazi ya mbunge ni kusimama Dodoma aulize zimekwama wapi, nani aliagiza, nani alipokea, na kurudi na jibu kijijini. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa tangu mwaka 2016. Kama orodha ya ndoo, godoro na majembe imekuwa ada iliyovaa nguo nyingine, basi hilo ni swali la Bungeni, na ni swali zuri sana. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa na Bunge hilo hilo mwaka 2023. Mbunge anayeshughulikia utekelezaji wake jimboni kwake anamsaidia mwenye cheti cha dawa kuliko mbuzi yeyote. Hata fedha za kuchochea maendeleo ya jimbo, zilizowekewa sheria mwaka 2009, ni za miradi ya wananchi. Zina kamati, ambayo mbunge ni mwenyekiti wake, na zina vitabu vya hesabu. Chini ya mkwaju hakuna kamati wala kitabu. Kuna mzee mmoja na kumbukumbu zake.

Na hapo ndipo penye hatari ambayo kicheko cha mtangazaji kiliifunika. Mzee yule ni mwema, na kila aliyemsikia ataamini hivyo. Lakini mwanadamu mwema asiye na kanuni hana budi kuchagua. Asubuhi wanapokuja watu sita naye ana mbuzi mmoja, atampa nani? Bila shaka atampa anayemfahamu. Mwana wa rafiki yake, mtu wa ukoo wa mkewe, yule aliyekuja kumpalilia shamba. Yule wa kijiji cha mbali, asiyejua kusalimia kwa lugha ya pale, atarudi mikono mitupu. Kesho yake ataleta kuku, maana amekwisha kujifunza. Baada ya miaka mitano hatuna tena baba wa mbunge. Tuna mtemi.

Nimelitumia neno hilo nikijua uzito wake. Serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na aliyekuwa akiiongoza nchi wakati huo hakuwa mtu wa kusimuliwa juu ya uchifu. Mwalimu Nyerere alizaliwa katika boma la Mtemi Burito wa Wazanaki pale Butiama. Aliona kwa macho yake watu wakingoja mbele ya nyumba ya baba yake, wengine wakitaka haki, wengine wakitaka mbegu, wengine wakitaka kuonekana tu. Uamuzi wa mwaka 1963 uliigusa nyumba yake mwenyewe, kwani kiti cha Burito kilikuwa kimerithiwa na nduguye, Mtemi Edward Wanzagi. Sisemi kwamba watemi wote walikuwa waovu. Wako waliowalisha watu wao katika njaa. Lakini nchi iliyotaka mwananchi aidai haki yake kwa ofisa wa umma, mchana, ofisini, bila kuleta kuku, isingeweza wakati huo huo kuacha haki hiyo igawiwe katika ua wa mtu. Leo tunaurudisha ua ule kwa mlango wa nyuma, bila hata zile mila zilizokuwa zikimzuia mtemi asipite kiasi.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na mtoto na baba kuwa pamoja katika siasa. Amani Abeid Karume alichaguliwa kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 2000, miaka 28 baada ya baba yake kuuawa, Dkt. Hussein Ali Mwinyi alichaguliwa mwaka 2020, baba yake, Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa hai na umri wa miaka 95. Wote waliomba kura. Na wale wanaodhani kwamba nyumba ya kiongozi ni tawi la chama wakumbuke mwaka 1995, Makongoro Nyerere alipogombea ubunge wa Arusha kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, huku baba yake akizunguka nchi kumnadi mgombea urais wa CCM, Benjamin Mkapa. Makongoro alirejea CCM baadaye. Lakini katika mwaka ule hakuna aliyekwenda Butiama kudai ahadi za mtoto kwa baba, na nadhani angekwenda angepewa darasa refu.

Turudi kwenye redio. Wazee wetu husema kwamba enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam mambo yalikuwa na maana, na wana sehemu ya ukweli. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio moja na kijitabu kimoja, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nchi ngapi zilipata kuitumia redio namna ile? Lakini tusijidanganye: katika redio ile ile, baba wa mbunge asingepewa kipaza sauti aeleze kwamba ameuza maksai kwa ajili ya ahadi za mwanawe. Angepewa hotuba ya kusikiliza. Kwa hiyo kipindi cha Jumapili ile kilikuwa hatua mbele, na ndiyo sababu ninasikitika. Mlango ulifunguliwa, mzee akaingia na habari yake mkononi, naye akapokewa kwa wimbo.

Je, mtangazaji angeuliza nini? Angemuuliza mzee kama mwanawe ana ofisi jimboni, na kama ipo, mbona watu hawaendi huko. Angemgeukia mbunge amuulize ni lini alipata habari za maksai. Maana mimi kwa kusikia kile kimya niliamini kabisa kwamba alikuwa anazipata dakika ile ile, mbele ya taifa zima, na hilo ni swali la utu kuliko lile la mlenda. Angemuuliza kama yuko tayari kuwaambia watu wa chini ya mkwaju, kwa redio hiyo hiyo, kwamba zile ahadi alizitoa kwa kutaka kura na hakuwa na uwezo nazo. Huenda angekataa. Huenda angekubali, nasi tungempata mbunge wa kwanza kuifunga foleni hiyo kwa kusema kweli.

Nami si msafi katika jambo hili. Miaka michache iliyopita nilitumwa kuandika makala ya aina hiyo hiyo juu ya kiongozi mmoja na chimbuko lake. Mama yake mzazi alinipokea vizuri, akanikaribisha chakula, kisha akaniambia kwa aibu kwamba bomba la maji la kijiji limeishia uani kwake, na kwamba majirani siku hizi humwamkia kwa sauti nyingine. Alitaka bomba liendelee mbele. Nililiandika neno hilo katika daftari langu, na nilipokaa kutunga makala nikaliacha, kwa kuona litaharibu picha. Nikaandika juu ya mapishi yake. Mhariri alinipongeza.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara ya 15, uliwaonya viongozi juu ya majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Mara nyingi tunaisoma ibara hiyo tukimtazama kiongozi, kana kwamba kiburi ni kitu anachokizaa peke yake. Sikuona majivuno kwa mbunge yule. Aliomba kuitwa jina lake. Ila sisi wengine, kwa kumdai jeneza, kwa kumshangilia anapotoa na kumzomea anapouliza maswali Bungeni, tumemjenga Mheshimiwa kiasi kwamba hata aliyemzaa ameona si salama kumwita vingine. Kuna wakati neno Ndugu lilitosha katika nchi hii kwa Rais na kwa mchunga mbuzi. Ndani ya Chama bado tunalitumia mikutanoni, kisha tunaliacha mlangoni pamoja na kofia.

Juzi nilipiga simu katika kituo kile kuomba nisikilize tena mahojiano yale kabla sijaandika, nisije nikamsingizia mtu. Nilijibiwa kwa adabu na kijana mmoja wa maktaba yao. Alisema kipindi kizima hakikuhifadhiwa, kwa kuwa nafasi haitoshi, lakini sehemu iliyowapendeza wasikilizaji wameitenga na itarudiwa siku ya sikukuu. Nikamuuliza ni sehemu ipi. Akasema ni ile ya mbuzi. Nikashika kalamu haraka, nikamuuliza mbuzi wepi, wale waliouzwa? Akasema hapana, wale waliopotea.